Lekchara wa sheria kwa ukumbi wa mtaa, Kisumu: nimeenda Jumamosi nne, haya ndiyo nimeona

Niko na saiba karibu na korti hapa Kisumu, mwaka wa tisa sasa. Kazi ni kutaipu, kuprinti, fotokopi, kufungulia watu eCitizen na siku hizi kupandisha karatasi kwa ile e-filing ya korti. Fomu za sakseshen, yaani za urithi wa mali ya marehemu, ndizo nyingi. Haiishi wiki mtu hajaingia ameshika P&A 80 na P&A 5 akiniuliza, mama, hapa naandika nini, na mimi namwambia ukweli, kutaipu nitataipu lakini cha kuandika sijui, mimi si wakili, nikikupotezea hapa utakuja kuumia mbele huko. Wengine wanatoka kwangu wanaenda kwa wale mabroka wa nje, wanajaziwa vitu ambavyo hata hawajasomewa.

Kwa hivyo niliposkia kuna lekchara wa sheria wa chuo fulani (chuo sitataja, juu nitasema mazuri na mabaya) wanakuja ukumbi wa mtaa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kufundisha watu bure, nilifunga saiba nikaenda. Nimeenda mara nne bila kukosa. Nawapa nyota nne kati ya tano, na kama ningeandika baada ya ile siku ya kwanza ningewapa moja.

Siku ya kwanza tulikuwa watu kama sitini. Alikuja lekchara mmoja kijana kidogo, amevaa suti, ana projekta na slaidi zimejaa kizungu mpaka pembeni, na akaanza kusoma. Alisoma tu. Mada ilikuwa urithi wa mali, kitu ambacho ukumbi mzima una shida nacho, lakini ndani ya nusu saa watu walikuwa wameanza kutoka mmoja mmoja, na tulipofika saa tano nilihesabu watu ishirini na mbili. Kando yangu alikuwa ameketi dani mmoja, yaani mama mzee, kutoka upande wa Kano, mkononi ameshikilia bahasha ya kaki imekunjwa mara mbili, na hiyo bahasha hakuifungua siku hiyo, aliishika tu masaa yote alafu akaenda nayo nyumbani. Hiyo kitu iliniuma sana. Mama amepanda matatu mbili kuja kuskia sheria ya shamba la bwanake, na sheria imesemwa mbele yake masaa mawili, na haijamfikia.

Simlaumu huyo kijana kwamba hajui. Anajua sana, ilionekana. Shida ni kwamba hajawahi kulazimika kuyasema hayo mambo kwa lugha ingine. Katiba ya 2010 kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na kizungu, lakini sheria yetu ya kesi za madai bado inasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa ni kizungu, Kiswahili kinaruhusiwa kule chini kwa hakimu. Sasa mtu amesoma kwa kizungu, amefanya mtihani kwa kizungu, anaandika kwa majarida kwa kizungu, alafu Jumamosi moja anasimama mbele ya watu wa mitaa ya Nyalenda na Manyatta anatarajia maneno yatajitafsiri yenyewe. Haiwezi. Kuna neno alilisema kama mara kumi, intamedlingi, na hakuna mtu aliyeinua mkono kuuliza juu kila mtu alidhani ni yeye tu hajui.

Nusura nisirudi. Nilirudi mwezi uliofuata kwa sababu dani alinipigia (alikuwa amechukua namba yangu) akaniuliza kama naenda, nikaona aibu kukataa.

Hiyo ya pili ndiyo ilinibadilisha mawazo kabisa. Alikuja daktari mmoja mama, yaani daktari wa sheria, na hakuleta projekta. Aliomba meza mbili ziunganishwe, akasema kila mtu mwenye karatasi aje nayo hapa mbele, tutasoma karatasi zenu, zangu nimeziacha ofisini. Watu walitazamana kwanza. Alafu bahasha zikaanza kutoka, kwa mikoba, kwa soksi ya mzee mmoja, kwa karatasi za nailoni. Ya dani ilikuwa na taito ya shamba la marehemu bwanake, cheti cha kifo, na barua ya chifu ya miaka mingi iliyopita ambayo ilikuwa imeandika majina ya watoto wavulana peke yao. Shemeji yake alikuwa ameshauza kipande cha hilo shamba.

Daktari akauliza ukumbi, nani hapa amewahi kuona mtu akiuza ng'ombe wa marehemu wiki ile ile ya mazishi? Mikono ilijaa. Akasema hiyo ndiyo mnaita mahali penu kuchukua mali, na sheria ya urithi sehemu ya 45 inaita intamedlingi, yaani kuingilia mali ya marehemu kabla korti haijakuruhusu, na ni kosa, unaweza kupigwa faini mpaka elfu kumi au kufungwa mpaka mwaka mmoja au yote mawili. Ukumbi ulilipuka. Lilikuwa neno lile lile la mwezi uliopita! Kumbe tulikuwa tunalijua siku zote, tumeishi nalo, tulikuwa tu hatujaambiwa kwamba ndilo hilo.

Alafu akachukua karatasi ya manila na maka peni akachora safari yote ya faili kutoka mwanzo. Barua mpya ya chifu, na safari hii iwe na majina ya wote walioachwa, mabinti walioolewa wakiwemo. P&A 80 ndiyo ombi lenyewe, P&A 5 ndiyo kiapo chako ambapo unaorodhesha watu na mali na madeni, na wale wengine wenye haki kama yako wanatia sahihi Fomu 38 kukubali kwamba wewe ndiye uombe. Inatangazwa kwa gazeti la serikali, siku 30, mwenye kupinga apinge. Granti, ile karatasi ya korti ya kukuruhusu kusimamia mali, ikitoka usikimbie kugawa, kwa kawaida unangoja miezi sita ndio urudi korti ithibitishwe, na hapo ndipo kila mtu anaandikiwa fungu lake. Mimi nimeprinti hizo fomu miaka tisa na siku hiyo ndiyo nilielewa moja inakuja kabla ya ingine kwa nini. Nilipiga picha ile manila, iko kwa ukuta wa saiba yangu saa hii.

Hapo kukawa na mzee akasimama, mtu wa heshima, akasema daktari tunakushukuru lakini huku kwetu msichana hapati shamba, hiyo ni mila. Nilijua ukumbi utagawanyika, na nilitaka kuona atafanya nini. Hakumkemea. Alimwambia, baba, ni kweli sheria imeacha mila itawale ardhi ya kilimo mahali pengine, na akazitaja wilaya zenyewe kwa kichwa, West Pokot, Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Kajiado na Narok. Ziko kumi na mbili. Akauliza, mmeskia Kisumu? Mmeskia Siaya? Kimya. Alafu akaeleza kesi ya familia ya Rono kule Uasin Gishu, ambayo Mahakama Kuu iliwapa mabinti shamba kidogo kuliko ndugu zao kwa kufikiria kwamba wanaweza kuolewa, na 2005 Mahakama ya Rufaa ikakataa hiyo sababu ikawapa sawa na wavulana. Hiyo hukumu mtu yeyote anaweza kuisoma bure kwa tovuti ya Kenya Law, na hapa niseme kama mtu wa saiba, watu wengi sana hawajui kwamba hukumu na sheria zote ziko pale bila kulipa hata shilingi, wanakuja wakiniuliza wanunue wapi.

Lakini kitu ambacho mimi nilipenda zaidi kilikuja baadaye. Alimwambia yule mzee, sasa nifundishe wewe, babako alipokufa shamba liligawanywa vipi na mamako aliishi wapi? Mzee akaeleza polepole, venye mjane anabaki kwa boma lake na kwa shamba alilokuwa akilima, venye hakuna mtu anamtoa pale. Daktari alikuwa anaandika kwa daftari, si kwa maonyesho, anauliza maswali ya kweli, hiyo ni lini, na kama hana mtoto wa kiume je. Mzee alipomaliza aligeuka mwenyewe akamtazama dani akasema, huyo shemeji yako hata kimila amekosea. Hakuna slaidi ingefanya hiyo kazi. Na naamini hata daktari aliondoka na kitu cha kuandikia, juu vitabuni mila inawekwa kwa mstari mmoja na hapo alipata mtu aliyeishi ndani yake.

Sasa ya tatu watu wameongea sana juu yake na wengi hawakuipenda, mimi natofautiana nao. Alikuja profesa mzee, akaketi kwa kiti cha plastiki katikati yetu, akasema leo nitawapa hadithi ya lekcha moja. Akasema mwaka wa 1965 Mjerumani mmoja anaitwa Dietrich Conrad, mtu wa chuo tu, alialikwa kuongea kwa kitivo cha sheria kule Banaras nchini India, na akawauliza wasikilizaji swali, je, bunge likiwa na theluthi mbili linaweza kubadilisha katiba mpaka lirudishe ufalme? Swali la darasani. Lakini wakili mmoja, M. K. Nambyar, akalipata akaenda nalo mbele ya majaji kwa kesi ya Golaknath ya 1967, na 1973 majaji kumi na tatu wa mahakama kuu kabisa ya India, saba wakipita sita, wakasema kuna msingi wa katiba ambao bunge haliwezi kuuvunja. Alafu profesa akanyamaza kidogo akauliza, tarehe 13 Mei 2021 mlikuwa wapi?

Watu wakakumbuka. Ile siku ya BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, majaji watano wa Mahakama Kuu wakisoma hukumu masaa na masaa kwa runinga, na hapa kwetu watu wengi walikuwa wanaitaka BBI, kwa hivyo kulikuwa na uchungu mwingi. Profesa akasema yale maneno mliyoyaskia siku hiyo, ya msingi wa katiba, yalianza kwa ile lekcha. Mahakama ya Rufaa ikayakubali Agosti mwaka huo, Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022 ikasema kwa katiba yetu hayahitajiki, lakini bado ikasema rais hawezi kuanzisha mabadiliko kupitia njia ya wananchi. Mimi nimeishi na hasira ya hiyo hukumu na sijawahi kuelezwa ilitoka wapi mpaka siku hiyo. Sikubadilisha msimamo wangu lakini nilielewa majaji walikuwa wanafikiria nini, na hiyo kwangu ni kitu kikubwa.

Sasa kuna kijana wa bodaboda alisimama akasema prof, hiyo ni sawa, lakini inanisaidia aje polisi akinishika Kondele usiku? Wengi wakapiga makofi. Profesa akamjibu vizuri, kifungu cha 49 cha katiba, wakufikishe kortini ndani ya masaa 24 tangu kushikwa, na kama masaa yanaishia siku ambayo si ya korti basi siku ya korti inayofuata, na bondi ya polisi hailipiwi, usitoe pesa. Alijibu, lakini kwa dakika mbili, na ilikuwa saa saba tayari watu wana njaa. Hapo ndipo wanakosea, mada ya pili ingepangiwa muda wake. Ila sikubaliani na wale walisema hadithi ya Conrad ni ya wasomi. Watu wetu wanabishana katiba kila jioni kwa vijiwe, kwa kinyozi, kwa stage, wanaitaja kwa namba za vifungu. Tumepiga kura ya katiba mara mbili ndani ya miaka mitano, 2005 na 2010. Na ile tume ya kuandika katiba kuanzia 2000 mwenyekiti wake alikuwa profesa wa sheria, Yash Pal Ghai, na waliketi na wananchi nchi nzima wakachukua maoni. Mtu asituambie sisi tunataka tu kujaziwa fomu. Tunataka fomu na tunataka kujua.

Kitu kibaya zaidi kilitokea hiyo hiyo siku ya tatu mwisho. Wanafunzi walipita wakigawa kwesheneya, yaani maswali ya utafiti wao, kurasa sita, kizungu, ukurasa wa kwanza wote ni wa kusaini kwamba umekubali. Nilikataa kusaini na nikasimama nikasema kwa nini. Miaka kadhaa iliyopita watu wengine wa chuo kingine walikuja saiba yangu, wakaniuliza maswali saa nzima juu ya hizi fomu, wateja wamepanga laini, na wakaniahidi watarudi waniambie walipata nini. Sijawaona mpaka leo. Kama kuna karatasi iliandikwa na maneno yangu yako ndani, iko mahali ambapo kuisoma lazima ulipe kwa dola. Mtu anachukua maneno ya watu, anapanda cheo, na wenye maneno wanabaki pale pale wakiuliza hapa naandika nini. Nilisema hivyo mbele ya wote na sauti ilikuwa inatetemeka.

Daktari alikuwepo. Hakujitetea. Alinifuata nje baadaye akaniambia kitu ambacho sikuwa najua, kwamba wakiombea promosheni wanahesabiwa sana zile karatasi za majarida, na Jumamosi kama hii haihesabiwi karibu kitu, kwa hivyo lekchara anayekuja anakuja kwa moyo wake na mafuta ya gari yake. Nilimwambia nimeelewa, lakini turudishieni.

Na akarudisha. Siku ya nne alikuja na ukurasa mmoja, Kiswahili upande mmoja na Dholuo upande wa pili, wa hatua za sakseshen, akasema hii ni rasimu, nisahihisheni. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi nzima, tuliketi masaa matatu tukisahihisha karatasi ya daktari, na sijawahi kuona ukumbi una furaha hivyo. Alikuwa ameandika mirathi, tukamwambia mirathi huku watu hawaskii, wataskia sakseshen. Ameandika hati miliki, tukamwambia ni taito. Pingamizi wengine walijua, wengine wakasema andika tu objekshen. Akasema ataweka yote mawili, neno la mtaani kwanza na lile sanifu linafuata, juu mtu akienda ofisi lazima pia alitambue lile lingine. Upande wa Dholuo wale madani walimkosoa mpaka akaanza kucheka. Alituambia Tanzania wako mbele yetu sana kwa hii ya kuandika sheria kwa Kiswahili, akamtaja Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, profesa wa sheria ambaye aliongoza tume ya ardhi kule kuanzia 1991 wakazunguka vijijini kuskiliza watu, na anaandika kwa Kiswahili mpaka leo. Huku kwetu, akasema, tunaanza na karatasi moja. Nimeziprinti mia mbili kwa gharama yangu na zinaisha.

Ile nyota moja niliyowapunguzia ni ya siku na mahali. Jumamosi jamani! Nyanza hii Jumamosi ni siku ya matanga, na wale wenye shida ya urithi ndio wako matangani. Alafu Wasabato ni wengi sana huku na hao Jumamosi hawawezi kuja kabisa, nina wateja watatu mama wajane wa kanisa hilo ambao nimewapelekea tu picha ya manila kwa WhatsApp. Jumapili saa nane watu wametoka kanisani ingekuwa bora, au siku ya kazi jioni. Na ukumbi mmoja mjini hausaidii mtu wa Nyakach au Seme. Kuna redio za Dholuo hapa ambazo kila boma linaskiza, saa moja tu kwa wiki ya watu kupiga simu na yule daktari akiwa studio, ingefika mahali ambapo hizo Jumamosi zao hazitafika kwa miaka kumi. Nimewaandikia hilo kwa daftari lao la maoni na nitaendelea kuliandika.

Mjue pia hawachukui kesi. Wanafundisha, hawasimami kortini kwa niaba yako, na wanasema hivyo mapema, ambayo ni vizuri. Mtu asiyeweza wakili wanamwelekeza kwa huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016.

Dani alikuja saiba Jumanne iliyopita. Alikuwa amejaza P&A 5 kwa penseli nyumbani, na watoto wote saba wako ndani, mabinti wawili walioolewa Ahero na Oyugis wakiwa juu kwa orodha kwa sababu ndio wakubwa. Hakuniuliza aandike nini hata mahali pamoja. Nilitaipu, nikaprinti kopi tatu, akazisoma zote kabla ya kulipa.

Mwezi huu watafundisha land board, ile bodi ya kutoa kibali cha shamba la kilimo, na ile miezi sita ya kuomba kibali ukinunua shamba la kilimo. Wanaanza saa tatu, lakini fika saa mbili na nusu juu viti ni vichache, beba kopi za karatasi zako na orijino uziache nyumbani, na ukae mbele, spika ni moja na iko upande wa mlango.